Mbao ya Bukini katika Zizi la Babu

Harufu ilinifikia kabla ya jina. Nilikuwa nimeinamia kipande cha mbao chenye ukubwa wa kiberiti, mojawapo ya vile vinavyoletwa katika maabara yetu ili tuseme ni vya mti gani na, ikiwezekana, umeota kisiwa gani. Nilikuwa nimekilainisha kwa maji ya moto na kuanza kukikata vipande vyembamba vya kuweka chini ya hadubini. Wembe ulipopita mara ya kwanza, ikapanda harufu tamu na nzito, yenye kitu cha waridi na kitu cha pilipili manga ndani yake. Nikauweka wembe mezani. Mwenzangu aliyekuwa karibu na dirisha aliniuliza kama nimejikata. Nilimwambia sijajikata, kisha nikatoka nje, nikaketi kwenye ngazi na kuvitazama vidole vyangu kana kwamba nilikuwa nimemdanganya.

Ni majuma machache tu yamepita tangu tumzike babu yangu, mzazi wa baba. Mtu aliyezoea kupima vitu hupenda kuamini kwamba huzuni nayo ina mahali pake, na kwamba ukiondoka mahali hapo unaiacha. Nilidhani nimeiacha Lopur, kijijini kwake. Sikutarajia ingenifuata ndani ya kifuko cha plastiki chenye nambari.

Wa rika langu mliokulia Lodwar mtaukumbuka mwaka ule ambao kila mtu alizungumzia mafuta. Magari meupe yalipita yakiacha vumbi refu, na watu wazima wakatabiri kwamba sote tutakuwa matajiri kabla ya mvua. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na kitu kilichonishughulisha hakikuwa chini ya ardhi bado. Kilikuwa chini ya kitanda cha wazazi wangu, kimefungwa ndani ya gunia.

Baba alikuwa fundi seremala. Akiwa kijana alitumwa sokoni Kakuma na mbuzi. Mbuzi wakauzwa, jirani akazipeleka fedha nyumbani, lakini baba akapanda lori la kwenda kusini. Alifika Mombasa, akapata kazi katika karakana ya milango na makasha, na huko akamaliza ujana wake. Mama yake mzazi alifariki baba akiwa huko, na habari zilimfikia kaburi likiwa limekwisha kukauka. Baadaye alimwoa mama, ambaye alikuwa muuguzi Lodwar, na kwa miaka mingi nilimjua baba kama mgeni wa Krismasi mwenye Kiswahili cha kupendeza. Aliporudi moja kwa moja alileta nguo zake, masanduku mawili ya vifaa, na lile gunia.

Ndani yake mlikuwa na gogo fupi lililochongwa pande nne, baki la kazi fulani ambayo mwenye karakana aliona afadhali ampe fundi wake wakiagana kwa machozi kuliko kuliuza. Kwa nje lilikuwa na rangi ya vumbi. Baba alikwangua kona moja kwa ncha ya patasi ili nione: ndani palikuwa pekundu penye zambarau, kama ini la mbuzi aliyechinjwa sasa hivi, na hapo ndipo nilipoinusa ile harufu mara ya kwanza.

"Hii, mwanangu, ni mbao ya Bukini," aliniambia. "Yatoka kisiwani."

Sasa najua Bukini ni kisiwa kikubwa baharini, kusini mwa pwani yetu, lakini wakati ule kisiwa pekee nilichokijua kilikuwa kile cha katikati ya ziwa letu. Mama alikuwa amenionyesha upande kilipo siku tuliyomtembelea shangazi Kalokol, tukiwa tumesimama kwenye Ghuba ya Ferguson kati ya mashua na samaki walioanikwa. Kila mtoto alijua kwamba kisiwa kile ni cha mamba. Basi niliamini kwamba mti wa baba uliota kati ya mamba, kwamba wekundu wake ulikuwa na sababu, na kwamba baba, ambaye hakupenda hata kukanyaga matope, alikuwa amewahi kufanya jambo la ajabu ambalo kwa unyenyekevu hakulisimulia.

Alichotaka kulifanyia gogo lile nilikijua, kwa sababu alikisema kila alipolifunua. Alitaka kumchongea Babu *ekicholong*, kigoda kidogo ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilazia kichwa usiku. Kigoda cha Babu kilikuwa kimechukuliwa na maji ya mto Tarach mvua iliyotangulia, pamoja na kibuyu na kiatu kimoja. Kiatu alikipata. Tangu hapo alilalia mkono wake, na shingo yake ikakauka kiasi kwamba alipotaka kukutazama aligeuka mwili mzima, kama mlango. Lakini shingo ilikuwa nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni kwamba Babu hakuwa amesema na baba neno moja tangu siku ya wale mbuzi.

Baba alipata kazi Kakuma, katika kibanda cha useremala kwenye soko la kambi, na shule zilipofungwa alinichukua mimi na gunia lake. Mwenye kibanda alikuwa Lado, mkimbizi kutoka upande wa Juba, mrefu, mwenye penseli sikioni hata kanisani. Walitengeneza vitanda, madawati, milango, na nyuma ya pazia la turubai, majeneza. Lado hakuyaficha kwa haya. Aliyafunika yasipate vumbi. Nilichungulia siku ya kwanza, nikauliza, nikajibiwa bila kuzungushwa: mtu huwekwa humo, kisha vyote viwili huenda chini. Nililipokea jibu hilo kama kanuni ya hesabu.

Gogo lilikuwa limeanza kuteseka. Lilitoka katika unyevu wa pwani likaja katika hewa yetu inayokausha hata mate mdomoni, na kwenye ncha yake moja ulitokea ufa mwembamba kama unywele. Lado alilipapasa, akatikisa kichwa na kumwita baba ndugu kwa Kiarabu cha Juba.

"Hii mbao nasikia joto kama mtu, ya akhuy. Wewe nangoja nini? Ngoja kidogo tena, itakuwa kuni ya chai."

Kesho yake baba alilibeba gogo begani, tukaenda Lopur.

Babu alikuwa anaziba pengo la zizi kwa matawi ya miiba. Alitusikia, nina hakika, kwa sababu mikono yake ilipunguza mwendo.

"Ejok, baba," baba alisalimia.

Babu hakugeuka. "Akiru, umekuja na nani?"

"Nimekuja na baba."

"Baba yupi? Mimi naona mtu wa chumvi ya bahari tu. Muulize mtu wa chumvi kama amekula."

Nilimgeukia baba, ambaye alikuwa karibu nasi kiasi cha kumshika mkono. "Babu anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula."

"Mwambie ni mwongo. Tumbo lake linanung'unika mpaka mbuzi wanageuka."

Tulikula kwanza, basi. Maziwa yalipokwisha baba alifunua gunia na kuliweka gogo mbele ya Babu. Babu aligeuka mwili mzima, akalitazama, akatema tumbaku pembeni.

"Muulize mti huu una majani gani."

"Mwambie sijui," baba alisema. "Ulinifikia ukiwa mbao."

"Muulize kivuli chake ni kizito au chepesi. Muulize kama mbuzi hula maganda yake."

"Mwambie sijui."

"Hajui." Babu aliligusa gogo kwa kidole cha mguu. "Basi mwambie hivi: mti ambao sikuuona ukiwa na majani siulazii kichwa."

Leo ninaelewa kwamba hakuwa anatafuta neno la kuumiza tu. Wanaume wa rika lake waliuchagua mti wa kigoda ukiwa umesimama. Kile kilichochukuliwa na mto alikuwa amekikata kutoka kwenye mti wa *edapal* uliomkinga jua alipokuwa mchungaji, na kila usiku kwa maisha yake yote ya utu uzima alilala juu ya kivuli alichokifahamu. Baba naye alilielewa hilo, naamini, kwa sababu hakubishana. Aliliacha gogo pale pale mavumbini, akanibusu utosini kwa namna ya watu wa pwani, jambo lililomfanya Babu agune, akarudi Kakuma peke yake. Mimi nilibaki Lopur, kama nilivyobaki kila likizo.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya jembe. Babu alikuwa katikati ya zizi, pale samadi ilipokuwa nene kuliko kwingine, anachimba. Shingo ilimuuma, kila baada ya muda alisimama, akaishika kwa nyuma na kuendelea. Shimo lilipomfika magotini, alilifunga gogo la baba kwa ngozi kuukuu, akalilaza ndani kwa mikono miwili, taratibu, kichwa upande wa mawio. Nasema kichwa kwa sababu ndivyo nilivyoona: ncha yenye ufa ilikuwa kichwa. Akasema neno ambalo sikulisikia. Akafukia, akakanyaga, kisha akawapitisha mbuzi juu yake kwenda malishoni, mmoja baada ya mwingine.

"Usichezee hapo," aliniambia.

Sikucheza popote. Nilijua kanuni. Mbao huenda chini ya ardhi ikiwa na mtu, na hii ilikuwa imekwenda bila mtu, maana yake ilikuwa inamngoja. Na mbao ile ilikuwa ya baba. Sikuwaza kwamba Babu ni mwovu. Nilimpenda, na alikuwa amelilaza gogo kwa upole mno. Niliwaza kwamba wazee wanajua mambo kabla hayajatokea, na kwamba upole ule ulikuwa wa msiba.

Jirani aliyekuwa anapeleka mkaa Kakuma alinirudisha siku chache baadaye. Nilimkuta baba akiwa mzima, akipiga randa, na uzima wake ukanitia hofu zaidi. Nikaanza kumlinda. Nilikataa kuondoka kibandani. Alipokohoa kwa vumbi la mbao nilimletea maji kabla hajamaliza kukohoa. Alipopanda juu ya meza kufunga bati lililolegea nilimshika mguu wa suruali, nikakataa kuuachia.

"Ya biniya," Lado aliniita, "mbona nakaa kwa mlango kama askari? Nani alikupa kazi?"

Nilikuwa nimeketi mahali ambapo ningeliona turubai na baba kwa wakati mmoja.

Kisha akaja mteja, mama mmoja wa kambini aliyehitaji mlango lakini hakuwa na kipimo. Alijua tu kwamba mwanya wa nyumba yake ulitoshana na urefu wa baba. Lado alichukua futi yake.

"Fundi, simama wima hapo. Mkono kwa ubavu. Usipumue, nakupima."

Nilipiga kelele ambayo, naambiwa, ilisikika mpaka kwa wauza samaki. "Usimpime! Lado, usimpime baba!"

Baba alipiga magoti mbele yangu, maranda yakiwa yamemng'ang'ania nywele.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Babu ameshaizika."

"Amezika nini?"

"Mbao yako. Zizini. Ameikanyaga, na mbuzi wakapita juu."

"Kalas, basi," Lado alisema kwa huruma. "Mzee amekasirika kabisa."

Lakini baba alikuwa amenishika mabega. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. "Akiru, nisikilize vizuri. Aliifunga kwa kitu?"

"Kwa ngozi."

"Aliizika ukingoni au katikati?"

"Katikati. Penye samadi nyingi."

Baba aliketi chini, juu ya maranda, akaufunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kutikisika. Nilisimama nikijua kwamba nimechelewa, kwamba ndiyo imeanza. Alicheka au alilia? Nimejiuliza mara nyingi na sitatoa jibu ambalo sina ushahidi wake. Alipoweza kusema, alinivuta nikakaa mapajani mwake.

"Mti ambao mzee anauchukia huutia motoni," alisema. "Ule anaotaka kuulalia ndio huuzika katika samadi ya mbuzi wake, ukauke polepole usipasuke. Nilimwona akifanya hivyo nikiwa mdogo kama wewe. Babu yako hajakataa. Umesikia? Hajakataa."

Lado alisubiri kwa adabu, akakuna sikio kwa penseli. "Sasa mimi napima mlango au sipimi?"

Mvua ilikuja na kupita, shule zikafunguliwa na kufungwa tena, na siku ya kufukua sote watatu tulikuwepo. Gogo lilitoka limepoa, jeusi kwa nje, linanuka mbuzi. Ufa ulikuwepo bado. Mwanafunzi niliye sasa angependa kuandika kwamba samadi ilizuia kupasuka, lakini hapakuwa na kipande cha pili cha kulinganisha nacho, na huenda gogo lingetulia lenyewe. Ninachoweza kusema ni kwamba ufa haukuwa umetembea kuzidi kiganja cha Babu, na kwamba kiganja hicho kilirudi pale mara nyingi kuuhakikisha.

Baba alichonga palepale penye zizi, kwa tezo ya Babu, kwa sababu Babu alitamka kupitia kwangu kwamba misumeno ya baharini haitaingia kwake. Kila pigo lilirusha kibanzi chekundu, na ile harufu ya waridi ikatandaa juu ya harufu ya samadi, zote mbili hewani bila kuchanganyika. Nilifanya kazi siku nzima. Mwambie apunguze shingo. Mwambie nimeshapunguza. Mwambie macho yake yameliwa na chumvi. Jua lilipokuwa kali nikaona kiu, nikachukua kidumu kwenda kisimani.

Niliporudi nilisikia sauti kabla sijafika kwenye uzio. Nilisimama nyuma ya miiba.

"Mguu huo mfupi," Babu alikuwa anasema.

Hapakuwa na mtu mwingine ndani ya zizi. Tezo ilinyamaza. Ilipita nafasi ambayo bado naweza kuisikia.

"Upi?" baba aliuliza.

"Huo wa kushoto. Huuoni? Ulikuwa hivyo hivyo ukiwa mtoto. Unakata kwanza, unatazama baadaye."

"Nitaupunguza wa kulia."

"Ndiyo, upunguze, mpaka nilale juu ya sahani. Lete hapa nikuonyeshe."

Sikuingia. Nilielewa, kwa akili ile ile iliyokuwa imekosea mengine yote, kwamba nikiingia watanitumia tena. Nilisimama juani nikiwa nimeshika kidumu, kiu ikinikereketa, maji yakiwa mkononi mwangu, nikisikiliza wanaume wawili wakigombana kuhusu mguu wa kigoda. Waligombana mpaka jua likaanza kulegea.

Babu alikilalia kigoda kile hadi mwisho. Hakukisifu. Alilalamika kwamba kinanuka kama bibi arusi, na kwa miaka kadhaa alikipaka mafuta ya kondoo ili kukifundisha adabu. Lakini shingo yake ililegea, na alipokuwa akimtafuta baba alipiga kelele uani, "Kiko wapi changu?" akimaanisha kigoda, na baba ndiye aliyekuwa akiinuka kukileta.

Tulipomzika, wazee walisema kigoda kibaki na mwanawe. Baba alikishika kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hakulala vizuri siku zile alipokuwa hana," akashuka mwenyewe kaburini na kukiweka mahali pake. Nilisimama ukingoni nikakumbuka kanuni yangu ya utotoni. Mbao imekwenda chini, na safari hii ilikuwa na mtu wake.

Kwa hiyo sina kipande cha kulinganisha nacho, na siwezi kuthibitisha kwamba kilichokuwa mezani kwangu ni ndugu wa kigoda cha Babu. Niliinuka ngazini, nikarudi ndani, nikamaliza kukata. Chini ya hadubini vinyweleo vyake vilikuwa vimejaa utomvu mwekundu, na mistari yake ilijipanga kama miti ya jamii ile ya Bukini inavyojipanga, ile ambayo imekatwa mpaka mtu anatembea msitu mzima akitafuta mmoja. Nilifungua picha za mti ulio hai. Nikampigia baba simu.

"Baba, nadhani nimeuona mti wako."

Nilisikia randa ikiwekwa chini. "Una majani gani?"

"Madogo. Ya mviringo. Yamepangwa kwenye kikonyo kama ya mkwaju, ila hayakabiliani. Kila moja limekaa zamu yake."

"Na kivuli?"

Niliitazama picha tena. "Chepesi. Jua linapita."

"Mbuzi hula maganda?"

"Ni membamba, kama karatasi. Nadhani wangekula, baba."

Kwa mbali nilimsikia Lado akiuliza ni nani.

"Haya," baba alisema. "Nitakwenda Lopur. Nitamwambia."